Tuhesabu miche iliyoshika

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, mimi hupita kwenye steji ya matatu mjini Nyeri asubuhi, kabla umande haujakauka. Nakwenda kuona masanduku. Yamepangwa kando ya magari, ya bati, meusi na ya samawati, jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Godoro limekunjwa na kukazwa kwa kamba. Mama ameshika beseni lenye sabuni, malapa na karatasi za choo. Kando yake msichana amevaa sweta ambayo mikono yake inamfunika vidole, kwa sababu imenunuliwa ya kumtosha mpaka amalize shule.

Wiki hiyo hiyo, katika ukumbi au uwanja fulani, kuna hundi. Hundi ya kadibodi, pana kama mlango. Watoto wameshikizwa pembe zake, mheshimiwa au mfadhili amesimama katikati, na kila mtu anatazama kamera. Nimeiona Nyeri na Karatina, nikaiona Nanyuki, Kerugoya na Chuka. Sina neno baya juu ya pesa iliyoandikwa pale. Kuna mtoto aliyeingia darasani kwa sababu yake.

Lakini kuna jambo jingine ninaloliona, na kila mwaka linanikaa moyoni. Aprili inapokwisha na muhula wa pili unapofunguliwa, steji ni ile ile, matatu ni zile zile, ila hundi hazipo. Mama wa Januari amejitenga kando ya ukuta, simu sikioni, anamwomba mhasibu wa shule siku nne zaidi. Msichana hayupo naye. Yuko nyumbani, anangoja.

Niseme mapema ninachoamini. Msaada kwa watoto wa shule tuupime kwa mtoto aliyemaliza, tuache kuupima kwa mtoto aliyeanza. Na njia ya kumfikisha mtoto mwisho ni kumtia nguvu mwanamke anayemlea, awe mama, shangazi au shosho, kwa pesa ndogo isiyokatika. Misaada mingi inayoletwa kwetu chini ya Mlima Kenya, kutoka kwa watu wa ndani na wa nje, haijajengwa hivyo. Imejengwa kwa ajili ya siku moja.

Hesabu ya mezani

Tupige hesabu kama inavyopigwa usiku mezani, kitabu cha karo kikiwa wazi na chai ikipoa. Kiwango cha Wizara ya Elimu kwa shule ya bweni ya kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Mwongozo wa Wizara huigawa karo hiyo kwa mihula mitatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na asilimia 20 wa tatu. Mfadhili anayelipa muhula wa kwanza ametoa karibu shilingi 26,800. Amefanya wema. Lakini kabla mwaka haujaisha nyumba ile inadaiwa kiasi kama hicho, na miaka mingine bado iko njiani. Jina la darasa limebadilika, jana kidato cha kwanza, leo gredi ya kumi. Orodha ya vitu na hesabu ya mama havijabadilika.

Deni hilo linaikuta nyumba ya namna gani? Kule Othaya na Tetu mama anachuma chai. Malipo ya kila mwezi ya majani mabichi ni ya kununua unga na mafuta. Bonasi inayotegemewa huja karibu na Oktoba. Mwenye kahawa anangoja msimu na chama cha ushirika. Mkulima wa Kieni anaangalia mbingu, kwa maana upande ule mvua ina mazoea ya kupita mbali. Karo haina msimu. Inakuja Januari, inarudi kabla ya Mei, inarudi tena kabla ya Septemba, na pesa ya shamba haijui kalenda ya Wizara.

Hapo ndipo mtoto anapopotea, naye hapotei kwa siku moja. Anarudishwa nyumbani wiki ya kwanza, anakaa wiki mbili. Akiwa mvulana wa upande wa Meru, mashamba ya miraa yanamngoja. Mbeere kuna muguka. Mwea kuna ndege wa kufukuzwa kwenye mpunga. Akiwa wa mjini, kuna pikipiki ya rafiki. Akishaionja pesa ya siku, nani atamrudisha kwenye dawati? Akiwa msichana, atakuja jamaa kutoka Nairobi aseme kuna mtoto mchanga wa kusaidiwa kulelewa kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi nimewaona wasichana wengi wakiuingia, na waliotoka wakarudi shuleni ni wachache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nyumba nyingi huonekana muhula wa pili.

Somo kutoka Ihithe

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta namna iliyo bora. Tuna mwalimu wetu, na kijiji chake kiko Tetu, si mbali na mji wa Nyeri.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoanza shule: kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama, mkulima asiye na kisomo kikubwa, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Kutoka hapo alikwenda kwa masista wa Mathari, kisha Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kusoma katika safari zile zilizoandaliwa wakati wa Tom Mboya. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Neno moja la mama lilifungua njia yote hiyo.

Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Wangari aliwapa kazi wanawake wa vijijini. Walikusanya mbegu, wakatengeneza vitalu, wakapanda. Kila kikundi kilipewa ujira mdogo, senti chache tu. Lakini sikilizeni masharti yake. Hakuna aliyelipwa kwa shimo alilochimba. Hakuna aliyelipwa kwa mche uliopandwa siku ya sherehe, wageni wakiwa wamesimama na makopo ya maji. Walilipwa kwa mche ulioshika, ule uliokutwa bado hai baada ya jua na mbuzi kupita.

Kanuni hiyo moja ilibadili tabia ya kazi nzima. Mwanamke alirudi kumwagilia kwa sababu mche uliokauka haukuhesabiwa. Aliweka miiba kuuzunguka. Alimwambia jirani afunge mbuzi wake. Kufikia mwaka 2004 Wangari alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa kwa mikono ya wanawake wale.

Sasa najiuliza: kama tulijua kuhesabu miti hivyo, mbona watoto tunawahesabu siku ya kupandwa tu? Taarifa za misaada yetu husema watoto kadhaa wamefadhiliwa. Ni nadra kuona taarifa inayosema waliofadhiliwa miaka minne iliyopita wako wapi leo. Nami nimo katika lawama hii. Miaka iliyopita nilikuwa katika kamati ya mchango uliowanunulia watoto sare na vitabu. Tulishangilia, tukapiga picha, tukagawana soda. Baadaye mzee mmoja aliniuliza wangapi kati yao walimaliza, nikakosa jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika majina mahali pa kuyarudia. Swali la mzee yule ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Wanaoijua nyumba

Wazee husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nani anayejua ni mtoto yupi atakayeacha shule mwezi ujao? Ofisi ya mfadhili mjini haijui, na fomu ya basari yenye mihuri mitatu haijui. Wanajua wanawake wa kijiji.

Alhamisi moja nilialikwa kwenye kikao cha chama cha wanawake upande wa Mathira, si mbali na Karatina. Walikaa chini ya mparachichi, kwenye viti vya plastiki, na mezani kulikuwa na chupa mbili za chai na daftari lenye jalada gumu. Kila mmoja alipoitwa aliinuka, akaweka pesa yake mezani, mweka hazina akaihesabu kwa sauti na wote wakasikia. Aliyekuwa na mkopo alitaja alicholipa na kilichobaki. Hakuna kilichonong'onezwa.

Hesabu ilipokwisha, mwenyekiti akauliza, "Kuna neno?" Mama mmoja akasema mtoto fulani hajaonekana na sare tangu Jumatatu. Mwingine akajibu kwamba mama yake amelazwa, na msichana ndiye anayebaki na mdogo wake wa miaka miwili. Wa tatu, bila kuulizwa, akasema, "Mleteni huyo mdogo kwangu mchana, nina wajukuu wawili, na yeye atakula nao." Mazungumzo yakaendelea kwenye bei ya maziwa. Siku iliyofuata msichana alikuwa darasani.

Gharama yake ilikuwa nini? Kikombe cha uji. Ni mfadhili gani angelijua jambo hilo? Karo ya mtoto yule ilikuwa imelipwa yote. Katika vitabu vya mfadhili alikuwa shuleni.

Hii si akili mpya. Kabla ya benki, mama zetu walikuwa na ngwatio, kulimiana mashamba kwa zamu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa Nyeri walijulikana kwa vikundi vya mabati: kila mwezi wanachanga, mmoja anaezekewa, zamu inahamia kwa mwingine mpaka nyumba zote zinang'aa. Nyumba ya bati ilimpa mama maji ya mvua mlangoni, akapumzika njia ya mtoni, na msichana aliyekuwa akitumwa maji akapata saa ya kusoma. Hata kabla ya hapo, shule za kujitegemea za Wakikuyu zilijengwa kwa michango ya watu wenyewe, na chuo cha ualimu kilipofunguliwa Githunguri mwaka 1939, wanawake walijichangisha ili wasichana wapate bweni. Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, wasemavyo Wakikuyu: wachache wakishikana huinua kinu.

Watu wa Mukurweini wanamkumbuka mgeni mmoja aliyeielewa njia hiyo. Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata aliishi Gikondi, akifundisha, akiuguza, akiwaandikia watu barua. Alizunguka vilima vile kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mpaka wenyeji wakampa jina Nyaatha, mama mwenye huruma. Alifariki Oktoba 1930 kwa ugonjwa alioambukizwa alipokuwa akimhudumia mgonjwa, na Mei 2015 umati ulikusanyika Nyeri alipotangazwa mwenyeheri. Jina lile hakulipata kwa hotuba. Alilipata kwa kubisha hodi.

Najua kuna watakaosema vyama navyo huvunjika, kwamba kuna mweka hazina aliyetoroka, kwamba mikopo imewagombanisha marafiki. Ni kweli, na nimeyaona. Lakini angalieni vyama vilivyodumu. Daftari lao husomwa kwa sauti mbele ya wote, kila kikao. Ni kamati ngapi za basari zinazosomea wazazi orodha nzima, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi?

Mwalimu wa Uswidi na mtoto wa Mitahato

Kuna watakaouliza: mtu aliye mbali, asiyejua hata njia ya kwenda Mukurweini, asaidie vipi? Jibu moja liko Mitahato, Kiambu.

Katika miaka ya 1970 mtoto wa kijiji kile aitwaye Chris Mburu alikuwa akisomeshwa na mtu asiyemjua. Hilde Back alikuwa mwalimu wa watoto wadogo nchini Uswidi, mkimbizi Myahudi aliyetoroka Ujerumani ya Hitler, na wazazi wake mwenyewe waliangamia kambini. Hakuwa tajiri. Alituma kiasi kidogo, akaendelea kutuma. Mburu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 aliasisi mfuko wa elimu akaupa jina la Hilde Back, hata kabla hajawahi kumwona uso kwa uso. Walikuja kukutana baadaye, na kisa chao kikatengenezewa filamu mwaka 2010, *A Small Act*.

Kilichofanya kazi pale ni nini? Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hakikukatika. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kisha aliyesaidiwa akageuka kuwa msaidizi wa wengine kijijini kwao, mahali anapozijua nyumba. Hivyo ndivyo inavyofanya CAMFED, shirika lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32, na sasa linafanya kazi mpaka Ghana na Tanzania: wasichana waliomaliza shule wana umoja wao, na wao ndio wanaowashika mkono wadogo zao. Hapa kwetu, mpango wa Wings to Fly ulioanzishwa mwaka 2010 na Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation hulipa karo ya miaka yote ya sekondari, sare, nauli na hata pesa ya matumizi. Si lazima uwe benki ndipo uige kanuni hiyo. Kikundi cha kanisa chenye uwezo wa kulipia watoto arobaini muhula mmoja kina uwezo wa kuwabeba watoto wachache mpaka mwisho.

Ni neno gumu, najua. Maana yake ni kumwambia mzazi mwingine kwamba safari hii hatutamweza mtoto wake. Lakini kumpa mtoto muhula mmoja kisha kumwacha njiani ni kumwambia vivyo hivyo, ila akiwa peke yake nyumbani, kamera zikiwa zimeondoka.

Shosho na kituo cha watoto

Mtu akisafiri kutoka Karatina mpaka Nanyuki ataona mabango ya vituo vya watoto. Vingi vilianzishwa na watu wenye huruma ya kweli, hasa miaka ile UKIMWI ulipozimaliza nyumba. Lakini si kila mtoto aliyemo hana mtu. Wengine wana shosho, umbali wa nauli moja ya matatu, aliyemtoa mjukuu kwa sababu hakuwa na chakula cha wawili.

Serikali imeliona hilo. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mwaka 2022 ikaja na mkakati wa miaka kumi wa mageuzi ya malezi, unaotaka watoto warudishwe kulelewa katika familia. Ni sawa kabisa. Ila mtoto harudi kwenye familia kwa waraka. Shosho aliyefikisha miaka 70 na aliyeandikishwa katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Je, mfadhili aliyekuwa akikilipa kituo kitanda, mlinzi, mpishi na gari, hawezi kumwongezea shosho yule elfu chache, ng'ombe mmoja wa maziwa na tangi la maji? Mtoto atalala kwa watu wake. Atajua kaburi la mama yake liko wapi. Atakuwa na mahali pa kurudi likizo, na siku ya kuoa au kuolewa atakuwa na watu wa kumsindikiza.

Uso wa mtoto si risiti

Nirudi kwenye kamera. Wafadhili husema wanahitaji ushahidi kwamba pesa imefika. Wana haki. Lakini ushahidi gani? Picha ya msichana wa miaka kumi na mitano ameshika pakiti ya sodo mbele ya wanaume wenye suti inathibitisha nini? Nchi hii iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria kwamba wasichana wa shule za umma wapewe bure na Serikali. Kitu ambacho sheria imekiita haki yake tunampa kama hisani, kisha tunamsambaza mitandaoni.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalinda faragha ya mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Mtaniambia mama alikubali. Nami nauliza: mama aliyeambiwa karo inalipwa leo, asimame hapa na mtoto wake, ana nafasi gani ya kukataa? Mtoto yule atakuwa daktari au fundi siku moja, na picha ya umaskini wake itakuwa bado inazunguka.

Ushahidi bora upo, tena wa bei nafuu. Shule ina daftari la mahudhurio. Mhasibu ana risiti. Mwalimu wa darasa ana alama za mwisho wa muhula. Karatasi moja kila muhula, yenye siku alizohudhuria, salio la karo na neno la mlezi, inamweleza mfadhili mengi kuliko picha mia moja. Na ikionyesha siku zimepungua, mfadhili atauliza mapema, mche ukiwa bado haujakauka. Tenda wema uende zako, tumefundishwa. Nakubali, twende zetu bila kungoja kusifiwa. Ila turudi kuona kama umeshika.

Serikali isijifiche nyuma ya wema

Haya yote hayaiondolei Serikali mzigo wake. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, alifungua milango ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaja mpango wa sekondari za kutwa. Tunaambiwa kila mwanafunzi wa sekondari ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho kamili. Pengo hilo linazibwa na nani? Linazibwa na mama wa Tetu anayechuma chai, na likimshinda tunaitana harambee.

Basari inayotolewa na mheshimiwa ni kodi yetu. Mzazi hapaswi kuipigia magoti wala kuimbia wimbo. Mfadhili anayejaza pengo la Serikali bila kulitaja anaweza kulifanya pengo lizoeleke. Tusaidiane, maana mtoto hawezi kungoja bajeti ijayo, lakini tudai kwa sauti ile ile tunayochangia nayo.

Aprili inapokwisha

Naomba nini basi? Kwa kikundi cha kanisa, kwa wahitimu wa shule zetu walio Nairobi, kwa ndugu zetu walio Marekani na Uingereza wanaotuma pesa kila Krismasi, naomba mambo machache. Mchukueni mtoto mpaka amalize, hata akiwa mmoja. Gaweni pesa yenu kwa mihula, na fungu la muhula wa pili liwekeni kando kabla ya kulipa la kwanza. Kabla ya kuchagua, kaeni chini ya mparachichi na wanawake wa kile kijiji, muwasikilize. Sehemu ya pesa imwendee mlezi mwenyewe, kupitia chama chake, awe na kuku, ng'ombe au kibanda cha mboga, ili siku mkiondoka asirudi alipokuwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mama zetu kwa jembe hawajawahi kuwa wageni. Kisha andikeni majina, na kila mwaka myasome kwa sauti kama daftari la chama: huyu yuko, huyu yuko, huyu tumempoteza, kwa nini?

Aprili ikiisha nitakwenda tena kwenye steji. Sitarajii hundi wala maspika. Natarajia kumwona msichana wa sweta kubwa akipanda matatu na mkoba wake mgongoni, mama akimpa nauli dirishani na kugeuka kuwahi chai yake. Siku hiyo hakuna atakayepiga picha. Miaka michache baadaye, kama hatukumwacha njiani, mikono ya sweta ile itakuwa imemtosha.